Kutoka magotini hadi mwendo wa askari: mtu mweusi katika minara ya kumbukumbu ya wachongaji wa Marekani

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Tangu mwaka 2020 habari nyingi za sanamu za Marekani zinazotufikia ni za sanamu kung'olewa, kupakwa rangi au kuhamishiwa maghalani, na mabishano yetu huishia kwenye swali la kama ni haki au si haki kuziondoa. Katika uzi huu ningependa tuanzie nyuma ya swali hilo, kwenye karakana za wachongaji na vyumba vya kamati zilizowapa kazi. Naamini kwamba mkao wa sanamu ya hadharani huwa umekwisha kuamuliwa na walioshika mfuko kabla mchongaji hajagusa udongo, na kwamba ni mara chache mchongaji hupata muda na ukaidi wa kutosha wa kuvuka uamuzi huo. Nitatumia hasa minara miwili, mmoja wa Washington wa mwaka 1876 na mwingine wa Boston wa mwaka 1897.

Wa kwanza umo katika bustani ya Lincoln Park, mashariki ya jengo la Bunge la Marekani. Aliyeuchonga ni Thomas Ball, mzaliwa wa Charlestown, Massachusetts, ambaye kama wachongaji wengi wa Marekani wa kizazi chake alihamia Italia na kufungua karakana mjini Florence, karibu na machimbo ya marumaru na mafundi waliojua kuichonga. Sanamu yenyewe ni ya shaba nyeusi na ilisubiwa, yaani shaba iliyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, huko Munich, Ujerumani. Inamwonyesha Rais Abraham Lincoln akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya Tangazo la Ukombozi, hati yake ya kuwaachia huru watumwa, mwingine umenyooshwa juu ya mtu mweusi aliye karibu uchi, goti moja chini, pingu zikiwa zimekatika. Ilizinduliwa tarehe 14 Aprili 1876, miaka 11 kamili tangu siku Lincoln alipopigwa risasi.

Jambo linalouma katika historia ya mnara huu ni kwamba fedha yake ilitoka kwa waliokuwa watumwa. Mwaka 1865, habari za kuuawa kwa Lincoln zilipoenea, mwanamke aitwaye Charlotte Scott, aliyewahi kuwa mtumwa Virginia, alitoa dola 5 akitaka Lincoln ajengewe mnara wa kumbukumbu. Wengine walifuata, wakiwamo askari weusi waliotoa sehemu ya mishahara yao, na Bunge baadaye lilitoa dola 3,000 kwa ajili ya msingi wa mawe. Lakini mchango huo wote uliwekwa mikononi mwa tume ya misaada ya wazungu iliyokuwa na makao St. Louis, na tume hiyo ndiyo iliyochagua mchongaji, mchoro na mkao.

Kulikuwa na pendekezo jingine. Harriet Hosmer, mwanamke Mmarekani aliyekuwa na karakana yake Roma na jina kubwa katika fani hiyo, alibuni mnara mkubwa ambao ungeizunguka sanamu ya Lincoln kwa sanamu za watu weusi katika hatua mbalimbali za maisha yao, tangu mnadani hadi kwenye sare ya askari. Ulionekana ghali mno. Tume ikageukia kielelezo ambacho Ball alikuwa amekwisha kukitengeneza, ikamwomba abadilishe mambo machache: uso wa yule mtu uwe wa Archer Alexander, aliyetoroka utumwa Missouri wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kati ya kaskazini na majimbo ya kusini yaliyoshikilia utumwa, na misuli yake ionyeshe kwamba naye anajitahidi kukata mnyororo. Mabadiliko hayo yana maana, na ukitazama kwa makini utaona ngumi iliyofumbwa na kichwa kilichoinuka. Hata hivyo goti lilibaki pale pale chini.

Ndugu mmoja ameuliza iwapo haya si malalamiko ya watu wa leo wanaoihukumu jana. Hapana. Siku ya uzinduzi msemaji mkuu alikuwa Frederick Douglass, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, na Rais Ulysses Grant alikuwa ameketi akimsikiliza. Douglass hakupamba maneno. Aliwaambia waliohudhuria kwamba Lincoln alikuwa kwanza kabisa rais wa watu weupe, na kwamba watu weusi walikuwa kama watoto wake wa kambo, ingawa alimpa heshima kamili kwa kazi aliyoifanya. Siku chache baadaye aliandika barua kwa gazeti moja la Washington akisema kwamba mnara wa Ball, pamoja na uzuri wake, hausemi ukweli wote, na kwamba kabla hajafa angependa kuuona mnara unaomwonyesha mtu mweusi akiwa amesimama kwa miguu yake kama mwanamume, si akiwa chini kwa magoti kama mnyama wa miguu minne. Barua hiyo ilikuwa imesahaulika hadi watafiti walipoiibua mwaka 2020, wakati watu walipokuwa wakibishana kandokando ya sanamu hiyo hiyo. Nakala yake iliyosimikwa Boston mwaka 1879 iliondolewa Desemba 2020 kwa uamuzi wa halmashauri ya sanaa ya jiji. Ile ya Washington ipo hadi leo, na tangu mwaka 1974 imegeuzwa itazame sanamu ya Mary McLeod Bethune, mwalimu mweusi, iliyochongwa na Robert Berks na kuwekwa upande wa pili wa bustani.

Sasa twende Boston.

Mnara wa pili unahusu Kikosi cha 54 cha Massachusetts, mojawapo ya vikosi vya kwanza vya askari weusi vilivyoundwa kaskazini wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na kamanda wake, Kanali Robert Gould Shaw, kijana mweupe wa familia tajiri iliyopinga utumwa. Kikosi kiliondoka Boston tarehe 28 Mei 1863, kikapita mbele ya jengo la serikali ya jimbo huku umati ukishangilia. Miongoni mwa askari walikuwamo watoto wawili wa Douglass, Lewis na Charles. Jioni ya tarehe 18 Julai mwaka huo huo kilishambulia ngome ya Wagner huko South Carolina. Kati ya askari wapatao 600 walioshambulia, zaidi ya 250 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au hawakuonekana tena. Shaw alifia juu ya ukuta wa ngome. Adui walimzika shimo moja na askari wake weusi, wakidhani wamemdhalilisha, na baba yake alikataa mwili usihamishwe, akisema hajui mahali patakatifu zaidi pa kumlaza kuliko pale pamoja na askari wake.

Kuna jambo jingine kuhusu askari hawa ambalo naona ni zito kama lile shambulio. Waliahidiwa mshahara wa dola 13 kwa mwezi kama askari wengine, lakini serikali ikaamua kuwalipa dola 10 na kuwakata 3 za sare. Wakagoma kupokea chochote. Walipigana mwaka mzima na zaidi bila senti, familia zao zikitaabika nyumbani, hadi Bunge lilipokubali mwaka 1864 kuwalipa sawa.

Wazo la kumkumbuka Shaw lilianzishwa mwaka 1865 na Joshua Bowen Smith, mfanyabiashara mweusi wa Boston aliyekuwa maarufu kwa kuandaa karamu na ambaye aliwahi kufanya kazi nyumbani kwa akina Shaw. Hapa pia fedha na uamuzi viliishia kwenye kamati ya mabwana weupe wa mjini, na mambo yakalala kwa karibu miaka 20, hadi mkataba ulipotiwa saini na Augustus Saint-Gaudens mwaka 1884 kwa dola 15,000. Kazi ilitakiwa kumalizika kwa miaka miwili.

Saint-Gaudens alizaliwa Dublin mwaka 1848, mtoto wa fundi viatu Mfaransa na mama wa Kiairishi, akaletwa New York akiwa bado mchanga. Akiwa na umri wa miaka 13 aliwekwa kwa fundi wa kuchonga vijisura kwenye vito, kazi ya kuinamia jiwe dogo kuliko ukucha na kutoa ndani yake sura ya mtu kwa kina cha milimita chache. Baadaye alisomea Paris na kuishi Roma. Naitaja ile kazi ya ujana wake kwa sababu bila hiyo, kwa maoni yangu, mnara wa Boston usingekuwa ulivyo.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa wa kawaida: Shaw peke yake juu ya farasi, sanamu nzima ya kuzungukwa pande zote. Familia ya Shaw ilikataa. Walisema sanamu ya farasi ni ya majenerali, na mtoto wao alikuwa kanali kijana aliyekufa pamoja na watu wake. Saint-Gaudens akatafuta njia ya kati, akaamua kufanya mchongo wa ukutani, Shaw juu ya farasi na askari wakitembea ubavuni na nyuma yake. Mwanzoni askari walikuwa mandhari tu, wamelala kwenye udongo kwa kina kidogo. Lakini kadiri alivyoendelea aliwaongezea kina, na miaka ikapita. Alitafuta wanaume weusi katika mitaa ya New York, akawalipa wakae mbele yake katika karakana yake ya Mtaa wa 36, akatengeneza vichwa takribani 40 vya udongo, kila kimoja cha mtu aliyekuwapo, kisha akachagua miongoni mwao. Ndiyo maana ukisimama mbele ya mnara huo unaona mzee mwenye ndevu, kijana asiye na hata unywele kidevuni, mwenye mashavu yaliyobonyea, mvulana mpiga ngoma aliye mbele kabisa. Hakuna wawili wanaofanana. Wamebeba mablanketi yaliyosokotwa, vibuyu vya maji na bunduki zilizolala begani kwa mshazari mmoja, na mshazari huo ndio unaolifanya jicho lisikie mwendo.

Ndugu mmoja ameomba maelezo ya ufundi wa mchongo kama huu; hufanyika hivi. Katika mchongo wa ukutani mchongaji hana nafasi ya kweli nyuma ya sanamu, kwa hiyo hukibana kina chote katika unene mdogo. Hapa farasi na Shaw wanajitokeza karibu mwili mzima, safu ya kwanza ya askari inajitokeza nusu, na safu za nyuma zinazidi kuzama hadi zile za mwisho zinabaki alama hafifu kwenye ukuta. Ukikosea kipimo cha safu moja, watu huonekana wamegandamizwa. Udongo ukikamilika hutengenezewa kalibu, kalibu hujazwa plasta, na kwenye plasta mchongaji husahihisha tena; ni plasta hiyo inayopelekwa kwa wasubu ili watengeneze kalibu la kupokea shaba iliyoyeyushwa. Kazi hii ilisubiwa na kampuni ya Gorham ya Rhode Island, na Charles McKim ndiye msanifu aliyebuni jengo la mawe linaloishikilia. Saint-Gaudens hakuridhika hata baada ya uzinduzi. Aliendelea kuibadilisha plasta na kuionyesha Paris, na hiyo ndiyo iliyoko sasa katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington.

Juu ya vichwa vya askari ameweka mwanamke anayeelea, ameshika tawi la mzeituni na maua ya mpopi, alama ya usingizi wa kifo. Rafiki yake wa Paris alimsihi amwondoe kwa kuwa ukweli wa askari ulitosha. Nami nakubaliana na rafiki huyo. Umbo lile lingeweza kuwekwa juu ya kaburi la tajiri yeyote, ilhali wale wanaume chini yake hawawezi kuwekwa mahali pengine popote.

Mnara ulizinduliwa tarehe 31 Mei 1897, mkabala na jengo lile lile la serikali ambalo kikosi kilipita mbele yake mwaka 1863. Waliokuwa bado hai katika Kikosi cha 54 walipita tena, sasa wakiwa wazee. William James, mwanafalsafa ambaye mdogo wake alikuwa ofisa wa kikosi hicho na alijeruhiwa Wagner, alihutubia, Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi mweusi, naye alihutubia. Alikuwapo pia Sajini William Carney, aliyeibeba bendera kutoka Wagner akiwa na majeraha mwilini, ambaye alipewa Nishani ya Heshima ya Bunge mwaka 1900, miaka 37 baada ya tendo lake. Douglass alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Hakuwaona wanaume aliotamani kuwaona wakiwa wamesimama.

Hata hapo bado kuna doa. Nyuma ya mnara yaliandikwa majina ya maofisa weupe waliokufa, lakini askari weusi waliokufa pamoja nao hawakuandikwa. Majina yao yalichongwa mwaka 1982. Yaani kwa miaka 85 mpita njia angeweza kuzitambua nyuso zao kwa undani wote ule na asipate jina hata moja, na hata nyuso zenyewe si zao bali ni za wanaume wa New York waliolipwa kukaa karakanani.

Swali jingine lililoulizwa ni kama Saint-Gaudens alikuwa mpenda usawa. Kumbukumbu alizoziacha hazituruhusu kusema hivyo. Anapowasimulia wale wanaume waliokaa mbele yake awachonge, anaandika kwa dharau na dhihaka za wazungu wa wakati wake, na ni aibu kuzisoma. Lakini mikono yake iliwatazama kwa heshima ambayo kalamu yake haikuwa nayo. Sielewi kikamilifu jinsi mtu mmoja anavyobeba vyote viwili, ila naona wazi kwamba kazi ya kumtazama mtu uso kwa uso kwa saa nyingi, bila kuruhusiwa kubuni pua wala mdomo usiokuwapo, ilimlazimisha kuchonga binadamu. Mnara wake wa Jenerali Sherman uliozinduliwa New York mwaka 1903 una umbo la Ushindi linalomtangulia farasi, na aliyekaa mbele yake awe kielelezo cha umbo hilo ni Hettie Anderson, mwanamke mweusi. Wapita njia wengi wa New York hawakulijua hilo kwa miaka mingi.

Dada mmoja ameuliza wachongaji weusi wenyewe walikuwa wapi wakati huu wote. Swali hili lilistahili kuja mapema.

Mmoja alimtangulia Saint-Gaudens kwa Shaw yule yule. Edmonia Lewis, binti wa baba mweusi na mama mwenye asili ya Waojibwe, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika, alifika Boston katikati ya vita akiwa na mafunzo machache, akachonga kichwa cha Shaw muda mfupi baada ya kifo chake, akauza nakala 100 za plasta, na kwa mapato yake akasafiri kwenda Roma mwaka 1865. Huko, mwaka 1867, alimaliza kwa marumaru kazi aliyoiita Huru Milele, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Howard: mwanamume mweusi amesimama wima, mkono uliokuwa na pingu ameuinua juu, na pembeni yake mwanamke amepiga magoti akisali. Imetangulia mnara wa Ball kwa miaka tisa. Hakuna Lincoln ndani yake, wala mkono wa mtu mwingine juu ya kichwa cha aliyekombolewa. Lewis alijua kuchonga hivyo. Hakuna aliyempa uwanja wa jiji wala fedha ya shaba.

Karne iliyofuata mambo hayakuwa rahisi zaidi. Augusta Savage, mzaliwa wa Florida, alinyimwa mwaka 1923 nafasi ya masomo Ufaransa kwa sababu ya rangi yake, lakini akawa mwalimu wa wasanii wengi wa Harlem, mtaa wa weusi wa New York. Kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1939 alichonga kinubi kikubwa, karibu mita 5 kwenda juu, ambacho nyuzi zake ni waimbaji weusi waliosimama mmoja baada ya mwingine. Kilikuwa cha plasta iliyopakwa rangi. Maonyesho yalipokwisha hapakuwa na fedha ya kukisubu kwa shaba, wala mahali pa kukihifadhi, kikabomolewa na matingatinga pamoja na mabanda. Vimebaki vinakili vidogo na picha. Ninaposikia watu wakilia kwamba kuondoa sanamu ni kufuta historia, hufikiria kinubi hiki.

Wengi wameutaja mnara wa Lincoln wa mwaka 1922, ule ambao Martin Luther King alihutubia mbele yake mwaka 1963. Nitaupitia haraka. Sanamu ilibuniwa na Daniel Chester French, ikachongwa na ndugu wa ukoo wa Piccirilli, mafundi Waitalia wa Bronx, kutoka vipande 28 vya marumaru ya Georgia, na ina kimo cha karibu mita 5.8. Hapa suala la mkao wa mtu mweusi liliepukwa kwa kumwacha Lincoln ameketi peke yake. Maandishi yaliyo juu ya kichwa chake yanamsifu kwa kuuokoa Muungano wa majimbo ya Marekani na hayataji utumwa, na aliyeyaandika alieleza kwamba alikusudia hivyo ili kuepuka kutonesha vidonda vya zamani. Utumwa umetajwa kwenye hotuba ya Lincoln iliyochongwa ukutani pembeni na kuonyeshwa kwenye mchoro wa rangi ulio juu sana. Siku ya uzinduzi wageni weusi waliketishwa sehemu yao ya kando, na Robert Moton, mkuu mweusi wa chuo cha Tuskegee, aliyealikwa kuhutubia, alilazimishwa kuondoa maneno makali katika hotuba yake.

Mwisho, kwa ndugu zetu wanaoishi Washington na ambao wameomba waelekezwe: pamoja na plasta ya Saint-Gaudens, nendeni eneo la U Street mkaone mnara wa Ed Hamilton, mchongaji mweusi wa Louisville, Kentucky. Ulizinduliwa tarehe 18 Julai 1998, siku ile ile ya shambulio la Wagner, miaka 135 baadaye. Ni askari weusi na baharia wakiwa wamesimama na silaha zao, na ukizunguka nyuma unaikuta familia wanayoiacha. Hakuna kamanda juu ya farasi. Kuta zinazouzunguka zina majina 209,145 ya waliotumikia katika vikosi vya weusi, wakiwamo maofisa wao weupe, yamepangwa kwa vikosi, kwa hiyo yeyote anayemtafuta babu yake aende akiwa anajua namba ya kikosi chake.